Kimea cha Kipupwe

Maji ya Mto Kilombero hayaondoki mashambani kwa siku moja. Hupanda Machi, hufika kilele Aprili, na yanapoanza kurudi mtoni mwezi wa Mei huacha nyuma madimbwi, tope jeusi, kambale waliochelewa kuondoka na mpunga unaogeuka rangi. Ndipo Ifakara inapobadilika sura. Familia zilizohamia mashambani tangu mvua za kwanza, zikilala kwenye madungu na kufukuza kwelea kwelea toka alfajiri hadi magharibi, zinarudi mjini na magunia. Baiskeli zilizokuwa zikisukumwa kwenye matope zinapandwa tena. Mashine za kukoboa zinanguruma kutwa nzima, na vumbi la pumba linatanda juu ya paa za jirani. Asubuhi kuna ubaridi unaowafanya watu wa bonde, waliozoea joto na mbu, kutafuta masweta yao.

Ulaya wana majira yao ya majani kupukutika, zabibu kuchumwa na mapipa ya pombe mpya kufunguliwa. Sisi tuna kipupwe, na kipupwe cha Kilombero kina chakula chake, matembezi yake na pombe yake. Ninataka kuisifu hiyo pombe, na zaidi ya pombe yenyewe, kazi inayoizaa: kuotesha nafaka, kuikausha, kuisaga na kuigeuza kinywaji. Kazi hiyo imekaa mikononi mwa wanawake vizazi kwa vizazi, na kwa sababu hufanyika uani, karibu na kuku na kuni, wengi wetu tumeipita bila kuitazama. Ni ufundi kamili. Una elimu yake, vipimo vyake na watu wake mabingwa.

Lakini kabla ya nafaka kuna mianzi. Upande wa kusini magharibi mwa bonde, kuelekea Mlimba, ardhi inapoanza kupanda kwenda Mufindi na Njombe, masika ni wakati wa ulanzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, kisha hurudi asubuhi na jioni kulikata upya jeraha kwa kisu kikali, ukate mwembamba tu, ili utomvu usikome. Utomvu hudondokea ndani ya mbeta, kikombe kilichotengenezwa kwa pingili ya mwanzi, na huanza kuchachuka humo humo bila kuwekewa kitu. Wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto huupenda. Wa jana ni mkali na huwaangusha wageni wanaodhani wanakunywa maji ya matunda. Mvua zikikatika, machipukizi hukomaa yakawa mianzi, na ulanzi huisha mpaka mwaka unaofuata. Hakuna namna ya kuubembeleza.

Ulanzi unapoaga, nafaka zinaingia. Mpangilio huu hakuupanga mtu, lakini umefuatwa kwa uaminifu kuliko kalenda nyingi za serikali. Pombe ya masika inatoka kwenye mmea ulio hai na mbichi. Pombe ya kipupwe inatoka ghalani. Ya kwanza humtaka mgema avumilie mvua, ya pili humtaka mpishi avumilie kusubiri.

Watu wa bonde hili ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wahehe, Wangindo na wengi waliokuja baadaye, Wasukuma wakiwemo, na kila jamii ina jina na kionjo chake cha pombe ya nafaka. Wenye asili ya Ubena na Uhehe huita ugimbi; wengine komoni; wengi siku hizi husema pombe ya kienyeji tu na kila mtu akaelewa. Chini ya majina hayo kuna jambo moja lisilobadilika, nalo ni kimea.

Kimea bora ni cha ulezi. Mtama hufaa pia, ila una sharti lake: machipukizi ya mtama huwa na kemikali inayozaa sayanidi, ndiyo maana kimea chake lazima kikauke vizuri, kipukuswe mizizi yake na hatimaye kipite motoni. Mabibi hawakuhitaji jina la sumu hiyo ili kuiepuka. Walijua tu kwamba mtama uliochipua hauliwi mbichi. Bonde lenyewe ni la mpunga na mahindi, kwa hiyo ulezi mwingi huletwa kutoka nyanda za juu, na mpika pombe mzuri wa Ifakara huanza kazi yake sokoni. Hutia mkono katikati ya gunia, siyo juu. Hunusa. Hutafuna punje chache. Ulezi wa zamani mno hautaota, na uliolowana ukiwa ghalani utaota ukungu badala ya mizizi.

Nafaka iliyokubaliwa hupepetwa kwa ungo, hukoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha huchujwa maji na kufunikwa kwa majani ya migomba au gunia jipya, mahali penye giza na joto. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kuacha. Anayefunua kila saa huikausha, anayesahau huiozesha. Mara moja asubuhi na mara moja jioni hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa vidole ili isijenge joto katikati. Siku ya pili vinachomoza vijizizi vyeupe, vidogo kuliko uzi. Siku ya tatu vimefumana, na ukinyanyua upande mmoja wa tandiko upande wa pili hufuata. Katika kipupwe, huongezwa siku.

Wakati wa kusimamisha ndipo mtu wa kawaida na bingwa hutengana. Ndani ya punje inayochipua mna vimeng'enya vinavyoivunja wanga iwe sukari, ili mche mchanga upate chakula. Ukianika mapema, vimeng'enya bado ni vichache na pombe itakuwa nzito, isiyo na nguvu. Ukichelewa, mche umekwisha kula sukari yote na kimea kimekuwa majani. Wapika pombe wazoefu huuma punje moja na kusikiliza ulimi. Ikitoa utamu mara tu inapopasuka, hutandaza nafaka yote juani. Jua la Juni hapa si kali, na hilo ni jema, kwani kimea kinachokauka polepole hubaki na harufu inayokaribia ya mkate. Kinachochomwa na jua la Novemba hubaki na harufu ya vumbi.

Baada ya kusagwa, kimea kinaonekana kama unga mwingine wowote wa kahawia. Nguvu yake huonekana kwenye uji. Chukua uji mzito wa mahindi, mzito wa kusimamisha mwiko, uuache upoe mpaka mkono uvumilie joto la sufuria, kisha utie kiganja cha kimea na kukoroga. Kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako, uji ule umelegea na kuwa mwepesi wa kunyweka. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya hufa na hakuna kinachotokea. Ukitia umeshapoa kabisa, hufanya kazi kwa uvivu. Kipimajoto cha uani ni kiganja cha mwanamke, na sijaona kinachokosea mara chache kuliko hicho.

Taifa hili liliwahi kuuchukua ujuzi huo kwa uzito unaostahili. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilifundisha akina mama kutumia kimea kwenye uji wa watoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Uji mzito unamshinda kumeza, na uji mwepesi wa maji mengi humjaza bila kumlisha. Kimea kinaruhusu unga mwingi ndani ya uji mwepesi. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti uliofanywa vijijini Tanzania, ulioonyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra kuliko wale wa uji wa kawaida. Siri ni asidi ya laktiki, ambayo huwafukuza vijidudu vya maradhi. Kwa maneno mengine, kitu kile kile kilichochukuliwa kuwa mambo ya kilabuni kilikuwa pia tiba ya jikoni.

Togwa ndiyo ushahidi mzuri zaidi. Togwa na pombe husafiri pamoja mpaka njia panda: uji, kimea, kusubiri. Ukiinywa baada ya usiku mmoja, ni togwa, tamu yenye uchachu kidogo, kinywaji cha watoto, wazee, wajawazito, wavunaji mchana wa jua na wote ambao dini au afya yao haiwaruhusu pombe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wameichunguza na kuzitaja bakteria na hamira zinazoishi ndani yake, na nyingi ni zile zile zinazoheshimiwa duniani kote kwenye maziwa mgando na mkate wa kuchachua. Katika mji kama Ifakara, wenye misikiti na kanisa kuu pamoja, togwa huwakalisha wote kwenye mkeka mmoja. Msimu wa mavuno usio na togwa mimi siuhesabu.

Inayoendelea kuwa pombe hupita moto mara nyingine. Kuna wanaovundika unga wa mahindi kwanza kwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kuna wanaoukaanga mpaka uwe rangi ya udongo, na kila mmoja huapa kwamba njia ya mwenzake inaharibu ladha. Mimi napendelea uliokaangwa. Uji hupikwa, hupoozwa, hutiwa kimea, hulala, hupikwa tena kwa kuni na kwa muda mrefu, hupoozwa tena. Kisha huongezwa kimea kibichi, yaani ambacho hakijapikwa, na hicho ndicho kinacholeta hamira ya asili. Mtungi hufunikwa. Siku inayofuata povu hupanda, na ukitega sikio karibu na mdomo wa mtungi utasikia mchakacho mdogo wa mapovu. Hapo pombe inaongea, na mpishi huijua afya yake kwa sauti. Mchakacho wa haraka sana una hatari ya siki. Kimya cha mapema kina maana kwamba kimea kilikuwa dhaifu.

Ni katika hatua hii ubaridi wa kipupwe unapokuwa msaidizi. Usiku wa Julai watu huisogeza mitungi karibu na jiko na kuizungushia mablanketi ya zamani, lakini hawaipi joto jingi. Uchachu unakwenda taratibu, ladha inakuwa safi, na pombe hukaa siku mbili au tatu kabla ya kugeuka. Pombe hiyo hiyo ikipikwa Novemba, joto linapokuwa limekaa bondeni na hewa haisogei, hukimbia: asubuhi ni changa, jioni ni kali, kesho yake ni siki ya kuwatupia nguruwe. Wapo wanaopika mwaka mzima, kwa sababu ada za shule hazina msimu. Siwalaumu hata kidogo. Ila anayetaka kujua pombe ya nafaka inaweza kufika wapi kwa uzuri, ainywe Ifakara kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai.

Wazungu wa Bavaria walilifahamu jambo hilo mapema kiasi cha kulitungia sheria. Amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu bia ya joto iliharibika. Ya mwisho ilipikwa Machi, nguvu zaidi, ikatunzwa mahali pa baridi na kunywewa mwisho wa kiangazi. Kule Basel, mji ambao umefungamana na Ifakara tangu Rudolf Geigy alipoanzisha hapa maabara ya utafiti miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, watu hunywa kila mwaka Sauser, maji ya zabibu yaliyo katikati ya kuchachuka. Huuzwa majuma machache tu, huku kizibo kimelegezwa ili chupa isipasuke, na wanaiadhimisha. Wanasayansi wa Uswisi waliokuja Kilombero kufuata mbu na malaria walikuwa, bila shaka, jirani wa mitungi yenye tabia hiyo hiyo.

Pombe ya msimu haikamiliki bila chakula cha msimu, na hapa bonde hili linajua kujivuna. Mpunga ambao haujakauka sawasawa hukaangwa na kutwangwa ukawa pepeta, ya kutafuna huku mtu akisubiri chakula chenyewe. Halafu wali mpya. Mchele wa Kilombero unasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwingineko ukiwa na jina la bonde kwenye gunia, lakini aliyeula ukiwa na wiki chache tangu kukobolewa anajua kwamba safari huupunguzia kitu. Mchele mpya una unyevu wake, hivyo hautaki maji mengi. Ukiupika kama wa dukani, utapata bokoboko. Ukiuheshimu, harufu yake inatoka hadi barabarani, na wali huo hauhitaji viungo wala mafuta ya kuuchangamsha. Mbegu ya Saro 5 huzaa sana na wakulima wengi wameipokea, nami nawaelewa. Kwenye sahani, Supa bado ndiyo inayonifanya nirudie.

Pembeni huwekwa kambale. Maji yanaporudi mtoni samaki hubanana kwenye mikondo ya madimbwi, na wavuvi hutega migono mdomo wake ukielekea kule wanakotoka. Kambale wa dimbwi ana ladha ya tope ambayo moshi pekee ndio unaoiweza. Hubanikwa juu ya kichanja kwa moto mdogo mpaka ngozi ikunjamane na kung'aa, kisha huvunjwa vipande na kuungwa kwa nazi au karanga. Hapo pombe ya ulezi ina kazi ya kufanya. Uchachu wake hukata mafuta ya samaki, uzito wake huvumilia moshi, na kata moja hutosha sahani nzima. Nimewahi kuona watu wakila kambale huyo kwa bia ya chupa yenye baridi kali. Hawakukosa furaha, lakini walikosa mapatano hayo ya ladha ambayo bonde limeyatafuta kwa muda mrefu.

Kipupwe pia ni wakati wa kutoka nje. Mashamba yaliyovunwa huwa viwanja vya mpira, na njia zilizokuwa chini ya maji zinafunguka. Kutoka Mang'ula unaweza kupanda ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, mpaka maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka mita 170 na msitu unabaki na unyevu hata bonde likikauka. Nyani aina ya mangabey wenye jina la Sanje hawapatikani popote duniani nje ya Udzungwa, na sayansi iliwatambua mwaka 1979 tu. Ukishuka upande wa mto, darajani, unaona kwa nini Kilombero, inayoupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sheshe, swala wa majanini mwenye rangi ya dhahabu iliyochakaa, aliwahi kuishi hapa kwa wingi kuliko mahali pengi Afrika. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake kulikuwa na kivuko, na waliovuka wakati wa mafuriko hawajasahau. Mafuriko ya 2024 yalitukumbusha sote kwamba mto huu hauombi ruhusa.

Jioni kuna ngoma. Msimu wa mavuno ndio wa harusi, wa kumaliza matanga, wa unyago, na ngoma ya sangula haichezwi kwa koo kavu. Katika shughuli hizo pombe haiuzwi. Imepikwa na ukoo kwa ajili ya watu. Mtungi wa kwanza ni wa wazee. Mwenyeji huonja mbele ya wote kabla ya kumkabidhi mgeni kata, na mgeni hupokea kwa mikono miwili. Ipo pia pombe ya kazi, inayopikwa ili kualika majirani kuvuna au kupura. Anayekuja hulipwa kwa kinywaji, chakula na ahadi kwamba shamba lake nalo litafikiwa. Palipo na desturi hiyo, mjane mwenye ekari moja huvuna kabla kwelea kwelea hawajammaliza.

Sitaki kuyapaka rangi yaliyo mabaya. Mavuno ni wakati ambapo baba anaweza kuuza gunia la mpunga kwa bei ya chini na kulinywa kabla halijafika nyumbani. Kuna nyumba ambazo kilabu kimezigawa, na watoto waliokwenda shule na njaa ghalani kukiwa na nafaka. Gongo huchemshwa gizani na imepofusha na kuua. Viroba, pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017, mzazi yeyote aliyekuwa ameviona mifukoni mwa wanafunzi alishukuru. Lakini ninasimama kwa dhati kwenye tofauti hii: pombe ya msimu ilizaliwa ndani ya mipaka. Ilichukua wiki nzima kuipika, ilikuwa na kiwango cha chini cha kileo, ilikuwa chakula, ilinywewa mchana mbele ya wakwe na wazee, na ilikwisha. Ulevi unaotutesa umekuja na vinywaji visivyo na mwanzo wala mwisho, vya kununuliwa saa yoyote na kunywewa peke yako.

Hatari ya karibu zaidi kwa ufundi huu ni haraka. Sukari kilo kadhaa, hamira ya paketi, pumba za mahindi za kuleta rangi, na kesho yake kuna kinywaji kikali kinachouzwa kwa jina la pombe ya kienyeji. Kinatoa faida na hakihitaji kujua chochote kuhusu mizizi ya ulezi. Binti anayejifunza kazi kwa njia hiyo hatapata nafasi ya kuuma punje na kusikiliza ulimi. Na panapokosekana jicho la kuchagua nafaka panaingia madhara mengine. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kuchachusha, na anayedhani kwamba nafaka mbovu ni ya pombe anawalisha wateja wake sumu. Mabibi waliokataa gunia kwa kunusa walikuwa wanalinda maisha.

Bonde hili limeandikwa sana. Mwaka 1935 A. T. Culwick na G. M. Culwick walichapisha London kitabu Ubena of the Rivers, na Mtema Towegale Kiwanga, chifu wa Wabena, akaandika mwenyewe sura moja humo. Zikafuata tafiti za udongo, za mpunga, za tembo, na za malaria zilizoifanya Ifakara ijulikane hadi vyuo vya mbali. Mpika pombe naye anastahili kurasa zake, zenye jina lake na kipimo chake cha maji, za wakati huu ambapo bado anaweza kusahihisha anayeandika.

Kila Agosti, kuelekea tarehe 8, wakulima wa Kanda ya Mashariki hukusanyika Morogoro kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere kwa Nane Nane. Wanaonyesha matrekta, mbegu, ng'ombe wa maziwa, mizinga ya nyuki. Ninaiomba Halmashauri ya Mji wa Ifakara, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine na shirika la viwanda vidogo, SIDO, walio hapo hapo Morogoro, iwape wanawake wa kimea banda lao: wakae na nyungo zao, waoteshe ulezi mbele ya watu kwa siku zote za maonyesho, wapike togwa ya kuonja, wafundishe kutambua nafaka yenye ukungu, na wapewe vyeti kama mafundi wengine wanavyopewa. Gharama yake haifiki ya trekta moja.

Nawe msomaji, ukifika Ifakara kipupwe kijacho, usiishie kwenye hoteli ya stendi. Ulizia nyumba inayoanika kimea. Wasalimu kwa heshima, anza na togwa, lipa bei unayotajiwa bila kuipunguza, na kama mwenyeji ana nafasi, muombe akuonyeshe punje za siku ya tatu.